Picha nyeusi na nyeupe ikigeuka kijani: kutafuta chanzo cha toni kuyumba kwenye printa ya wino, hapa Lamu

Picha zilikuwa 12, zote za mafundi wa majahazi wa Matondoni, na zilikuwa za kutundikwa kwenye nyumba moja ya Shela. Sita za kwanza nilizichapa mwezi wa pili, kaskazi ikivuma. Sita zilizobaki nilizichapa mwezi wa tano, masika yameshika. Faili zilitayarishwa siku moja, printa ni ile ile, karatasi jina lile lile. Tulipozitundika safu mbili, mama mwenye nyumba alisimama akazitazama, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hizi za chini zina ndwele?"

Zilikuwa nayo. Safu ya juu ilikuwa na kijivu cha majivu ya mkaa. Ya chini ilikuwa na ukijani, kama maji ya mikokoni. Siku mbili zilizofuata nilifanya karibu makosa yote ninayoyaeleza hapa, na wino nilioumwaga siku hizo ungetosha kuchapa harusi nzima.

Tabu ya kijivu ni kwamba hakina pa kujificha. Kanga nyekundu ikichapwa nyekundu kupita kidogo, hakuna atakayejua ila aliyeivaa. Kijivu kikiegemea ujani au uzambarau hata kwa kiasi kidogo, mtoto wa madrasa atakuonyesha kwa kidole. Na mara nyingi chanzo si kimoja. Hewa imebadilika, mwanga umebadilika, tundu moja la wino limeziba, na wewe mwenyewe umegusa kitufe mahali ukasahau.

Kabla ya yote, uwe na shahidi

Usiguse mpangilio wowote kabla hujawa na picha shahidi. Ni ukurasa mmoja tu. Nusu yake weka ngazi ya kijivu yenye vipande 21, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, kila kipande kikizidi kilichotangulia kwa asilimia 5. Unaweza kuutengeneza kwenye GIMP au Photoshop. Hakikisha tu kwamba katika kila kipande namba za R, G na B (nyekundu, kijani na buluu) ni sawa. Nusu ya pili weka picha yenye vitu vigumu: kanzu nyeupe juani, uso wa mtu kivulini, mlango wa zamani wenye nakshi. Kanzu itakuonyesha kama nyeupe bado ina nyuzi au imebaki bapa, na nakshi za mlango zitakuonyesha kama giza limefunga.

Uchape ukurasa huo siku ambayo mambo yako yako sawa. Uache saa 24 ukauke, halafu uutie bahasha na uufungie kwenye sanduku kavu lisiloingia mwanga. Nyuma yake andika kwa penseli: tarehe, karatasi, wino, mipangilio yote ya draiva (programu ya kompyuta inayoiendesha printa), na hali ya hewa ya siku hiyo. Toni ikianza kuyumba, chapa ukurasa ule ule kwa mipangilio ile ile na uulaze karibu na shahidi. Usilinganishe na skrini wala na kumbukumbu yako. Jicho linasahau kijivu haraka sana, na lile lililochoka hukubali chochote.

Kisha ubadilishe jambo moja tu kwa wakati, uchape, utazame. Najua inachosha. Lakini ukibadilisha matatu kwa pamoja na picha ikatengemaa, hujui ni lipi lililoitengeneza, na mwezi ujao utaanza upya.

"Mchana iko sawa, usiku ina ukijani"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi. Picha imetazamwa kiwandani, yaani uani, saa sita mchana, mteja ameridhika, ameibeba. Usiku anapiga simu.

Jaribio la kwanza halina gharama: ichukue picha pamoja na shahidi, uzitazame zote mbili chini ya ile taa ya usiku. Zote mbili zikigeuka, printa yako haijaharibika. Ndiyo tabia ya wino wako na ya taa hiyo. Ikigeuka mpya peke yake huku shahidi akibaki palepale, basi mchanganyiko wa wino umebadilika tangu siku ya shahidi. Hapo ruka uende sehemu inayofuata.

Sababu ni hii. Printa za matangi zilizojaa kwenye studio zetu ndogo, zile za rangi sita, zina nyeusi moja, sayani, majenta, manjano, sayani hafifu na majenta hafifu. Wino wa kijivu hazina. Kijivu unachokiona ni mchuzi wa hizo rangi, vitone vidogo vilivyopangwa karibu karibu mpaka jicho likadanganyika. Mchuzi huo umekolezwa kwa ajili ya mwanga fulani. Ukiuleta chini ya balbu rahisi ya LED au tyubu ya zamani, ambayo mwanga wake umejaa upande mmoja na kupwaya upande mwingine, kila rangi huurudisha mwanga kwa kipimo chake na mizani ikalala. Kitu ambacho mchana hakikuwa na rangi, usiku kinapata rangi.

Dawa ya kweli ni kupunguza rangi ndani ya kijivu. Mwaka 2005 Epson walipoleta wino wa UltraChrome K3, jambo kubwa lilikuwa hizo nyeusi tatu: nyeusi kamili, nyeusi hafifu, na hafifu zaidi ya hiyo. Kijivu kikaweza kujengwa kwa nyeusi zilizopunguzwa makali, na rangi zikabaki kama chumvi tu, za kusawazisha. Kwenye printa za aina hiyo utaona ndani ya draiva hali inayoitwa Advanced B&W Photo. Canon nao wana hali ya namna hiyo kwenye printa zao za picha zenye wino wa kijivu. Ukiwa nayo, itumie. Mimi sioni sababu ya kuchapa picha isiyo na rangi kwa njia ya rangi wakati mashine imepewa njia yake.

Chumvi ile haiondoki kabisa, na ina sababu. Pigmenti nyeusi ya kaboni (rangi ya chembe zisizoyeyuka) ikipunguzwa makali huelekea kwenye rangi ya kahawa. Wako wanaoipenda hivyo. Wanachapa kwa wino wa kaboni mtupu na wala hawahangaiki na ujani. Picha za mbao na makuti zinapendeza sana kwa joto hilo. Picha ya bahari asubuhi, kwangu mimi, haipendezi.

Na mwenye printa ya rangi sita? Baadhi ya draiva zina chaguo la kuchapa kwa wino mweusi peke yake. Ujani utatoka, lakini sehemu za mwanga zitakuwa na chembechembe, kwa sababu kijivu chepesi sasa kinatengenezwa kwa vitone vya nyeusi kali vilivyotawanyika. Kwa picha ya inchi 5 kwa 7 ya uso wa mtoto, hapana. Kwa picha kubwa ya ukuta wa mawe itakayotazamwa kwa hatua tatu, jaribu.

Lililobaki ni kuamulia picha mahali itakapokaa. Nyumba zetu za mawe zina mwanga wa namna yake: unashuka kiwandani kutoka juu, unagonga chokaa kuukuu, ndipo unapofika msanani, chumba kirefu kinachopakana na ua, na ukifika huko umeshabeba umanjano wa ukuta. Siku hizi naenda na ukurasa wa majaribio kwa mteja kabla ya kuchapa kazi yenyewe, nautundika palepale, mchana na usiku. Akikubali kubadilisha balbu, namwambia atafute zenye alama ya CRI, kipimo cha uaminifu wa taa katika kuonyesha rangi, ya 90 au zaidi. Pale studio natazamia chini ya taa ya kelvini 5000 yenye alama kama hiyo.

"Ina rangi popote uiwekapo"

Hapa ndipo zilipokuwa zile sita za Shela. Kijani dirishani, kijani chini ya taa, kijani barazani.

Anza na ukaguzi wa nozeli, yaani matundu ya wino. Usianze na kitu kingine chochote. Printa huchapa mistari midogo ya kila wino, na mahali penye pengo ndipo penye tundu lililoziba. Mimi nilianza na wino. Niliamini kwamba aliyeniuzia ameniuzia mbaya, nikamnung'unikia moyoni. Halafu nikaingia kwenye programu, nikaongeza majenta kidogo kwenye mkunjo wa toni za kati (mstari unaouvuta kupandisha au kushusha rangi), nikachapa, nikaongeza tena. Siku ya pili jioni kijivu kilikuwa karibu sawa, nikajisifu. Asubuhi yake printa ilijisafisha yenyewe ilipowashwa, na picha ikatoka ya zambarau kama bilingani.

Majenta hafifu ilikuwa imeziba nusu ya matundu yake. Kijivu kilichopungukiwa majenta ndicho hicho kijani. Nilikuwa natibu kifaa kilichoziba kwa kuipotosha faili, na tundu lilipozibuka upotofu wangu ukabaki peke yake. Tangu siku hiyo sigusi mkunjo wa toni kabla ya kuona mistari yote imetimia.

Wino hafifu na wa manjano huonekana kwa shida juu ya karatasi nyeupe. Kwa manjano kuna ujanja: zima taa, fungua simu iwe na skrini ya buluu tupu, umulike ukurasa. Chini ya mwanga wa buluu mistari ya manjano huwa myeusi na mapengo yote yanaonekana. Kwa zile hafifu tumia kioo cha kukuzia, na uvumilivu.

Likionekana pengo, safisha mara moja, kagua tena. Safisha mara ya pili. Bado? Iache printa ipumzike saa kadhaa, hata usiku mzima, ili wino uliokauka ulainike, halafu urudie. Kusafisha mara kumi mfululizo ni kutwanga maji. Wino wote huo huenda kwenye pedi ya taka iliyo chini ya mashine, na pedi ikijaa printa itagoma.

Kwa nini matundu yaliziba? Umeme ulikatika katikati ya ukurasa. Kichwa cha printa kikimaliza kazi hurudi pembeni na kufunikwa na kifuniko cha mpira kinachozuia wino kukauka. Umeme ukikatika, kichwa hubaki wazi katikati ya njia, na mimi niliondoka kwenda kuswali, nikakaa barazani, nikarudi usiku. Kwa hiyo mambo mawili. Printa iwe kwenye UPS (betri ya akiba), hata ndogo ya kukupa dakika za kumaliza ukurasa. Na uizime kwa kitufe chake, uisubiri inyamaze, ndipo uzime swichi ya ukutani. Nimeona studio ambazo kila jioni huzimwa kwa swichi moja ya mlangoni: taa, feni, printa, vyote pamoja. Halafu wanalaumu wino.

Nozeli zikiwa zima na rangi ipo bado, tazama nani anasimamia rangi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Programu yako inaweza kuigeuza faili kwa profaili ya karatasi (faili inayoeleza rangi zinavyotoka kwenye karatasi hiyo), kisha draiva ikaigeuza tena kwa hesabu zake, na picha ikatoka nzito yenye wekundu au uzambarau. Chagua nahodha mmoja. Ukichapa kwa njia ya rangi na una profaili nzuri, programu isimamie na draiva izimwe usimamizi wa rangi. Ukichapa kwa hali ya nyeusi na nyeupe ya draiva, iache draiva isimamie, na kwenye programu useme hivyo. Chaguo hili hupenda kurudi lilikotoka pale draiva inaposasishwa au kompyuta inapobadilishwa, kwa hiyo usiseme "niliweka tangu mwaka jana". Fungua utazame.

Profaili nayo ni ya watu watatu kwa pamoja: printa hii, wino huu, karatasi hii. Ukibadilisha mmoja, ndoa imevunjika. Anayejaza tangi kwa chupa ya kampuni nyingine juu ya wino uliobaki anapata mchanganyiko unaobadilika polepole kwa wiki nzima. Subiri wino wa zamani uishe ndipo uchape ngazi ya kijivu na kuamua.

Na faili yenyewe? Picha inaweza kuonekana nyeusi na nyeupe kumbe ina rangi kidogo, hasa ikiwa ni skani ya picha kuukuu ya familia. Ukisogeza kishale juu yake na namba za R, G na B zisiwe sawa, printa haina kosa. Inachapa ulichoipa.

"Vivuli vina wekundu, katikati ni kijani, nyeupe iko sawa"

Rangi ikitokea kwenye sehemu tu za ngazi, nozeli zikiwa timamu, mara nyingi umechagua aina ya karatasi isiyo yako kwenye draiva. Chaguo lile si jina tu. Linaamua wino kiasi gani utoke, na ni nyeusi ipi itumike. Karatasi ya duka isiyomo kwenye orodha ijaribu kwa machaguo matatu yanayoikaribia, uchape ngazi ya kijivu kwa kila moja, uchague ile ambayo vipande 21 vinapanda bila kuruka na bila kubadili rangi njiani.

Kwa mwenye printa ya Epson yenye nyeusi tatu na subira ya kutosha, iko programu ya QuadTone RIP ya Roy Harrington. Inaipita draiva ya kawaida na kukuachia uamue kila wino utoke kiasi gani kwenye kila kivuli, kisha unapima ngazi ya kijivu na kuinyoosha. Ukizoea, karatasi mbili tofauti unaweza kuzifanya zizungumze lafudhi moja. Si kitu cha kujifunza siku ya kazi ya mteja.

Ngazi ikiwa safi lakini anga kwenye picha yako ina mabaka yaliyokatika badala ya kufifia polepole, umeivuta sana faili ya biti 8, yenye ngazi chache za kijivu. Rudi kwenye faili ya awali, fanya kazi kwa biti 16.

"Nyeusi si nyeusi"

Printa nyingi za pigmenti zina nyeusi kamili za namna mbili: ya karatasi zinazong'aa na ya karatasi zisizong'aa. Ile ya kung'aa ukiichapa kwenye karatasi isiyong'aa, inazama na kubaki kijivu cha moshi. Ile nyingine kwenye karatasi ya kung'aa inabaki juu, na kidole kinaondoka nayo. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba hata ukichagua sawasawa, karatasi isiyong'aa haifiki weusi wa inayong'aa. Ndivyo ilivyo, kama kitambaa na kigae. Usiongeze wino kuifukuzia. Utafunga vivuli tu.

Nyingine: upande mbaya wa karatasi. Karatasi nyingi zina upande mmoja tu uliopakwa dawa ya kupokea wino. Lowesha kidole kidogo ugusishe pembeni. Upande unaonata ndio wa kuchapia.

"Kwenye skrini inang'aa, kwenye karatasi ni usiku"

Punguza mwanga wa skrini. Skrini nyingi zikitoka dukani zinawaka kupita kiasi, na studio iliyo wazi kwa jua la mchana inakulazimisha uzidishe. Ukiwa na kifaa cha kupimia, weka kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Usipokuwa nacho, mlaze shahidi karibu na skrini chini ya taa yako ya kutazamia, fungua faili yake, ushushe mwanga mpaka vifanane.

"Ya leo si kama ya mwezi jana"

Tumefika kwenye hewa. Vitabu vya printa nyingi za picha huweka unyevu wa hewa kati ya asilimia 20 na 80. Aliyeandika kitabu hicho hakulala Lamu mwezi wa tano. Asubuhi za masika kipima unyevu changu hupita 80 bila haya, na karatasi iliyoachwa nje ya mfuko usiku mmoja huinuka pembe kama sambusa.

Karatasi iliyokwisha kunywa maji haina nafasi ya kupokea wino vizuri. Vitone hutanuka, vivuli hufunga, toni za kati huwa nzito, na kingo zilizojikunja hugusana na kichwa cha printa na kuacha michubuko. Wino wa rangi iliyoyeyuka unaumia zaidi kuliko wa pigmenti, kwa sababu hata baada ya kukauka, unyevu ukirudi rangi huanza kutambaa, na kijivu cha mchanganyiko hubadilika bila kuguswa.

Ninachofanya: karatasi zinakaa kwenye mfuko wake uliofungwa, ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya silika jeli. Kuna wanaotumia mchele. Mchele uachie pilau; unavuta unyevu kidogo na unaacha vumbi. Natoa karatasi za kazi ya saa hiyo tu. Siku za mvua nachapa kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, ambapo hewa huwa imekauka kidogo kuliko alfajiri au usiku. Karatasi zikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda chumba cha kawaida, au kinyume chake, naziacha ndani ya mfuko usiofunguliwa hadi kesho yake zizoee.

Kaskazi ina hila zake pia. Upepo unaingia dirishani na vumbi laini, na feni ikielekezwa kwenye printa wino hukauka kwenye matundu. Mashine iwe mbali na dirisha na iwe na kitambaa juu inapolala.

Usihukumu picha mbichi. Toni hutulia kwa saa kadhaa, kwenye karatasi za kung'aa hata siku nzima. Picha ya dakika tano ukiilinganisha na shahidi wa mwaka jana unalinganisha samaki mbichi na ng'onda. Hewa ikiwa nzito uzipe siku mbili, na usizibandike zikiwa zimepandana bila karatasi ya kawaida katikati.

Pakiti nazo hubadilika, hata kama jina la juu ni lile lile. Weupe wa karatasi nyingi unatokana na dawa ya kung'arisha, mfano wa ile buluu tunayotia kwenye maji ya mwisho ya kufulia kanzu, na kiasi chake hakilingani kwa kila karatasi. Chukua tochi ya kukagulia noti, ile ya wenye maduka, uimulike gizani: yenye dawa nyingi itawaka buluu. Pakiti mbili zisipowaka sawa, usizichanganye kwenye ukuta mmoja. Na zile zinazowaka sana, tegemea kwamba kwa miaka dawa itachoka, weupe utashuka kuelekea umanjano, na vijivu vyote vyepesi vitashuka nao.

Mistari, na mng'ao wa shaba

Mistari ya kukingama ni nozeli tena, au kichwa kinahitaji kulinganishwa. Zima pia uchapaji wa kwenda na kurudi, ambao draiva huuita wa kasi. Mng'ao wa shaba, ule unaouona ukiinamisha picha upande, ni wino wa pigmenti uliokaa juu ya karatasi ya kung'aa. Karatasi ya nusu mng'ao huupunguza sana, na kioo cha fremu huficha sehemu kubwa ya uliobaki.

"Ilikuwa nzuri, imebadilika ukutani"

Wino wa rangi iliyoyeyuka ukiachwa wazi kwa mwanga na upepo, rangi hazipauki kwa mwendo mmoja. Mara nyingi sayani hutangulia kuondoka, na kijivu kikaachwa na wekundu. Hakuna cha kurekebisha hapo; ni kuchapa upya, kuweka nyuma ya kioo, na kuiondoa mkabala wa dirisha. Kati ya picha na kioo weka kadi iliyokatwa dirisha, zisigusane. Kwenye unyevu wetu picha inayogusa kioo hunata, na siku ya kuitoa inatoka vipande.

Zile za Shela, baada ya majenta hafifu kuzibuka na mikunjo yangu kufutwa, zilitoka bila ujani. Lakini nilipozilaza karibu na sita za kaskazi, bado zilikuwa na ubaridi kidogo. Tochi ya noti ilinijibu: pakiti ya mwezi wa pili ilikuwa haiwaki kama ile ya mwezi wa tano. Ningeweza kuhangaika wiki nzima kuzifananisha. Nikachapa zote 12 upya kutoka pakiti moja, kwa siku mbili, madirisha yamefungwa, na mama mwenye nyumba akazipokea bila kusema neno.

Zile sita za zamani za kaskazi niliwapelekea mafundi wenyewe Matondoni. Walizipitisha mkono kwa mkono wamekaa chini ya jahazi lililokuwa likiundwa. Hakuna aliyezungumzia kijivu. Mzee mmoja aliigeuza picha juani, akaisogeza karibu na macho, akaniuliza kwa nini nimepiga ubavu ule kabla hawajamaliza kutia kalafati.